Hatua Moja ya Mpiga Kengele

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Ukipanda huku kwetu ukaanza kuulizia mambo ya ukoo utawekewa kiti, utapewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na utaondoka jioni bila jibu. Nitataja kazi yake tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jina lake. Alikuwa Mpiga Kengele wa parokia yetu, mlimani juu ya Moshi. Miaka yote niliyomfahamu sikumsikia mtu akimwita kwa jina la ubatizo isipokuwa mke wake, naye alilitumia akiwa amekasirika.

Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kwake, kwa hiyo mtu huyu alianza kuniamsha kabla sijajua kusema. Kengele ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na haikuwa na huruma. Kwa kengele hiyo wanawake waliinjika chai, wanaume walikwenda kukata majani ya ng'ombe, na walevi waliokuwa wamelala njiani walikumbuka kwao. Yeye mwenyewe hakuwa na saa. Alitoka nje, akautazama Mlima, akaenda kushika kamba. Mlima ukiwa umejifunika mawingu alinusa hewa, akaenda kushika kamba vilevile. Padre mmoja kijana alimchunguza wiki nzima akiwa na redio mkononi, akimtafutia kosa. Wiki ilipokwisha, padre ndiye aliyerekebisha saa yake.

"Mungu hachelewi," alikuwa akisema. "Wanaochelewa ni mapadre."

Mahubiri aliyapima pia. Yakipita nusu saa alikohoa. Yakizidi hapo alisimama polepole, akaenda nyuma ya kanisa, akaishika kamba bila kuivuta, na padre aliyemwona kutoka madhabahuni alifika kwenye Amina haraka sana. Sisi waumini tulimpenda kwa jambo hilo kuliko kwa utakatifu wake, ambao sijui kama aliwahi kuwa nao.

Maana alikuwa na kinyongo. Misiba ndiyo iliyomwumbua. Mtu akifa, kengele hupigwa polepole, na mapigo mangapi ilikuwa siri yake. Marehemu aliyekuwa akimwamkia vizuri alipigiwa mpaka bondeni wakachoka kusikia. Aliyewahi kumpita njiani bila salamu alipewa mapigo machache makavu, na kijiji kizima kilijua. Mama yangu alikuwa akituambia, "Msalimieni yule mzee, msije mkafa kimyakimya." Nilimsalimia kila nilipomwona, hata mara nne kwa siku, na mara ya nne alikuwa akiniambia, "Marahaba, binti, sasa imetosha, hufi leo."

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilianza kuuzwa mjini, na padre mwingine alileta spika mbili na kanda yenye sauti ya kengele za Ulaya. Unabonyeza tu. Asubuhi ya kwanza kengele za Ulaya zikalia, na Mpiga Kengele naye akapiga yake juu ya hizo. Mbwa wa tarafa nzima walibweka. Alifanya hivyo siku sita. Ya saba padre alikuja kwake na kilo mbili za sukari, na zile spika zikapelekwa kwenye kwaya.

Kwenye kahawa alikuwa hivyohivyo. Wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani na mizani zao, kisha bei ikaporomoka, watu wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Yeye hakung'oa hata mmoja. "Mbuni una kosa gani?" aliuliza. "Mmeuona lini mbuni ukipanga bei?" Sisi tulimsifu kwa kutong'oa. Hatukujua kwamba mikono ileile iliwahi kung'oa kitu kisichong'olewa.

Kitu chenyewe ni isale. Asiyekuwa wa kwetu nimweleze: isale ni mmea wa majani marefu, na kwa Wachagga una kazi mbili. Hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Na mtu aliyekosa akitaka kusamehewa hupeleka jani lake. Aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameumizwa vipi. Mpiga Kengele alikuwa na mdogo wake wa kiume, na vihamba vyao vilipakana. Zamani, kabla sijapata akili, wawili hao waligombana juu ya mpaka. Mdogo alisema masale yamesogezwa hatua moja kwake. Mkubwa alisema mdogo wake hajui kuhesabu. Hatua moja ile ilikuwa na migomba minane. Mdogo aliondoka na waliokwenda kujenga reli ya Zambia, na reli ilipokwisha hakurudi. Alioa hukohuko.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nauza mitumba Pasua, huko chini mjini Moshi, barua ilipofika. Aliileta dereva wa lori. Mdogo aliandika kwamba anaumwa kifua, hali si nzuri, na akifa azikwe hukohuko Zambia, mtu wa nyumbani asihangaike.

Ungedhani mtu amekufuru. Kwetu mtoto anaweza kuishi Dar, Mwanza, hata Ulaya, akasahau Kichagga na kuvaa miwani ya jua kanisani, lakini akifa anarudishwa kihambani kwao, chini ya migomba, pembeni ya baba yake. Aliyezikwa ugenini watu humsema kwa sauti ya chini, kama aliyepotea msituni. Mpiga Kengele aliisoma barua, akaikunja, akaisoma tena. Kesho yake alishuka Pasua kwa miguu. Viatu vyake vyeusi vya kanisani alikuwa amevining'iniza shingoni, maana barabarani alivaa ndala za matairi, na alipofika kibandani kwangu alivaa viatu kwanza ndipo akabisha hodi.

"Wewe hupanda treni ya Zambia," alisema.

"Shikamoo, mzee. Naishia Tunduma. Naenda kuchukua mzigo. Zambia kwenyewe sijawahi kuvuka."

"Basi tutavuka wote. Lazima nimrudishe yule kabla hajafa."

Nilikubali kwa sababu nilimwogopa, na pia kwa sababu nilitaka kuona atakavyogombana na treni.

Yeye na treni hawakuelewana tangu stesheni ya Dar. Aliuliza tutaondoka saa ngapi, akaambiwa mchana. "Mchana ni mrefu," akasema. Tulipoondoka hatimaye alinitazama kama vile mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Daraja la pili wanaume hulala vyumba vyao na wanawake vyao, kwa hiyo safari nzima tulikutana ukumbini, penye madirisha. Hapo ndipo aliponionyesha mzigo wake: mkungu wa ndizi, shuka, jani la isale alilolifunga kwenye kitambaa chenye maji ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kengele ndogo ya altareni.

"Hiyo umepewa na padre?" nikauliza.

"Nimeiazima."

"Kwa padre?"

"Kwa Mungu. Padre alikuwa amelala."

Kesho yake saa sita kamili mchana, kwa hesabu yake, aliipiga kengele hiyo ukumbini apate kusali Malaika wa Bwana. Milango ilifunguka behewa zima, watu wakatoka na sahani. Walidhani chakula kiko tayari. Mhudumu wa behewa la chakula alikuja mbio, amefura, wali wake haujaiva na foleni imeshafika mlangoni. Mpiga Kengele alimaliza sala yake kwanza. Kisha akamwambia, "Kijana, watu wameshafika. Wewe ndiye umechelewa." Kabla ya jioni mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mbeya, aliyelala chumba kimoja naye, alikuwa akimwuliza nyakati za swala, na yeye akimjibu kwa uhakika wote, ingawa kwa siri alishaniambia kwamba yeye mwenyewe amepotea.

"Mlima uko wapi?" aliniuliza dirishani.

"Tumeuacha, mzee."

"Sasa watu wa huku wanajuaje upande wa juu?"

Kwetu kila kitu kiko juu au chini: kanisa juu, soko chini, shangazi juu, hospitali chini. Alisimama pale akigeuza kichwa huku na huku, na nilimwonea huruma kidogo. Kucheka nilicheka zaidi.

Nirudi nyuma kidogo. Jioni ya kwanza tulipita kwenye mbuga ya wanyama. Abiria walijazana madirishani. Twiga watatu walikuwa wamesimama karibu na reli wakitutazama bila haraka, halafu tukaona tembo na mtoto wake, halafu pundamilia wengi, jua likiwa limelala kwenye majani yote. Mimi niliona uzuri ambao sikuwahi kuuona Moshi na Mlima wake wote. Yeye alikunja uso. Ng'ombe wa kwetu hukaa bandani akaletewa majani mpaka mdomoni, na kumwacha mnyama azurure ni aibu ya mwenye mnyama.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Na hakuna hata mmoja aliyefungwa kamba," alisema. "Ndiyo maana nchi haiendelei."

Asubuhi treni ilianza kupanda milima ya Mlimba, ikawa inaingia kwenye mahandaki. Kila tulipoingia gizani alisali Salamu Maria kwa sauti, akasogeza punje moja ya rozari, na tulipotoka mwangani akachungulia chini kwenye mabonde yenye ukungu na mito myeupe, akarudi kushika punje nyingine. Mwanzoni watu walimcheka. Baada ya mahandaki kadhaa mama wawili wa chumba changu walikuwa wakimwitikia. "Treni hii," aliniambia, "imesali kuliko parokia yetu kwaresima nzima."

Lakini baada ya milima ile mzaha ulianza kumtoka. Ardhi ilifunguka. Tulikwenda saa nzima bila kuona paa la nyumba, majani tu na miti na upepo, na udongo mwekundu kila reli ilipokata kilima. Kwetu familia ya watu kumi hula kwenye kipande ambacho ukitupa jiwe linaangukia kwa jirani. Alianza kuniuliza.

"Hili shamba ni la nani?"

"Sidhani lina mwenyewe, mzee."

Baada ya muda: "Na hili?"

"Ni lilelile."

Aliuliza kabla ya Makambako na akauliza baada yake. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Hatua moja," alisema. "Ruwa wangu. Hatua moja."

Ruwa ni Mungu kwa Kichagga, na hakuwa na kawaida ya kumtaja nje ya saa zake.

"Niliyasogeza," alisema. "Yule hakukosea kuhesabu. Nilipiga kengele ya misa ya Jumapili, watu wote wakaingia kanisani, yeye na mke wangu na mama yetu, nami nikashuka mbio na jembe. Nikang'oa masale, nikapanda mengine upande wake. Nilirudi kanisani kabla ya komunyo. Nikaipokea."

Nusu yangu ilitaka kucheka, kwa kuwa hapakuwa na mwizi mwingine duniani anayewaita watu wote ibadani kwanza ndipo aibe. Nusu nyingine iliumia. Nilimmenyea ndizi. Aliila akitazama ile ardhi isiyo na mwenyewe, na mpaka Mbeya hakuuliza tena ni ya nani.

Mpakani maofisa waliingia ndani ya treni jua likizama. Mmoja, kijana mpole wa upande wa Zambia aliyejua Kiswahili, alipekua mizigo ya vyumba vya wanaume, akafika kwenye kopo.

"Mzee, hii ni dawa?"

"Ni msamaha."

"Ni mmea," alisema yule ofisa.

"Ni msamaha. Nampelekea mdogo wangu."

"Mzee wangu, kila kitu chenye majani kinahitaji kibali. Una kibali?"

Mpiga Kengele, aliyewashinda mapadre watatu na spika mbili, alinigeukia mimi. Nilieleza mila yetu nikiongeza chumvi kila mahali. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikitika kweli, akalichukua jani akateremka nalo. Kazi yake ilikuwa kazi yake. Mzee alikaa na kopo tupu magotini. "Sasa nitakwenda kusema nini?" aliuliza. "Mimi sijui kusema. Nimezoea kupiga."

Siku ya tatu asubuhi tuliteremka stesheni moja ndogo mbele ya Mpika. Misitu ilikuwa imetufuata tangu alfajiri, miti myembamba yenye majani mekundu kama kutu, na hapo stesheni watoto walituelekeza bila kuuliza sisi ni akina nani, kwani sura ya mzee na ya mdogo wake ilikuwa moja. Nyumba ilikuwa ya matofali na bati. Mdogo alikuwa amekaa barazani na blanketi mabegani, amekonda, anapumua kwa kazi. Walitazamana. Walizungumza Kichagga, na mimi nikasimama pembeni nikijifanya nafunga kamba ya mzigo.

"Nimekuja kukuchukua," alisema mkubwa.

"Umekuja kunichukua mimi, au umekuja kuichukua maiti?"

Mkubwa aliutua mkungu wa ndizi chini.

"Nikiwa mzima hukunitaka pale hata kwa hatua moja," alisema mdogo. "Sasa nakufa unanipa nafasi?"

Mpiga Kengele aligeuka, nikadhani anaondoka. Kisha nikaona alichokuwa akikitazama. Kando ya mlango wa jiko lilikuwa limesimama fungu la masale, marefu, mabichi.

"Ni yale uliyoyang'oa," mdogo akasema. "Niliyakuta yametupwa kwenye mfereji. Nilikuja na mzizi wake mfukoni."

Mzee alivuka ua, akavunja jani moja. Hapo mke wa mdogo, mama wa Kibemba mwenye mikono minene, akatoka jikoni na mwiko wa ugali akampiga nao kiganjani, kwa kuwa aliona mgeni asiyemjua akivunja maua yake. Hakulalamika. Alirudi na mkono wenye ugali, akapiga magoti, mzee yule, na viatu vyake vya kanisani, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nilisogeza," alisema. "Hukukosea."

Mdogo alilitazama jani kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuogopa. Halafu akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nitazikwa hapa. Huyu mwanamke ndiye aliyeniuguza. Watoto wangu ni wa hapa."

Tulikaa siku nne. Walijaribu kutengeneza mbege kwa ndizi zetu na ulezi wa huko, ikatoka kitu cha ajabu, wakainywa yote wakilaumiana juu ya kipimo. Walibishana kuhusu jina la ng'ombe mmoja wa baba yao. Sijawahi kuwaona watu wawili wakifurahi kwa kubishana namna ile. Tulipoondoka hawakuagana kwa maneno. Mkubwa alimfunga mdogo blanketi vizuri, basi.

Aliporudi nyumbani alirudisha mpaka mahali pake mchana kweupe, watu wakimtazama. Migomba ile minane hakuigusa tena. Ndizi ziliiva juu kwa juu zikaliwa na ndege, na watoto wake wa Dar walipomwambia ni hasara aliwaambia shamba si lake. Habari ya kifo ilitufikia mdogo akiwa ameshazikwa. Ilikuwa Jumatatu. Mpiga Kengele alikwenda kanisani bila kumwuliza mtu, akapiga, na akapiga, mpaka soko la chini likasimama watu wakiulizana ni askofu gani aliyekufa. Padre ndiye aliyekwenda kumshika mkono.

Mara ya mwisho kuzungumza naye miaka ilikuwa imepita. Macho yalikuwa yameisha, kamba alishika mwingine, na mimi nilikuwa na duka langu Soweto, mtaa wa hapohapo Moshi, lenye mlango wa kioo. Nilimkuta chumbani mbele ya televisheni waliyomletea watoto wake. Hakuwa akiiona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile treni bado ipo?"

"Ipo."

"Mimi nikifa mnipeleke kule kwa yule."

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wake.

"Sichezi," alisema. "Sisi hapa tumejaa, baba, mama, mashangazi, wote wako migombani. Yule kule hana hata mmoja. Nilimfukuza mimi."

"Watoto wako watakubali, mzee?"

"Hawatakubali. Ndiyo maana nakuambia wewe, umeiona njia. Utawaambia?"

"Nitawaambia," nikasema. Nilisema wazi, nikiwa nimemshika mkono, akaminya vidole vyangu akaridhika.

Alikufa kabla ya mvua za masika. Kikao cha familia kilikaa sebuleni kwake. Mtoto mkubwa alikuwa ameshaagiza saruji na marumaru za kaburi, vijana walikuwa wakichimba nje, na wanawake walikuwa wameshamenya ndizi za watu mia tatu. Nilikuwa nikigawa chai. Mtoto mkubwa aliuliza kama kuna mtu ambaye mzee alimwachia neno lolote kuhusu maziko yake. Walitazamana, kisha wakanitazama mimi, kwa kuwa walijua nilisafiri naye. Niliwaza jeneza ndani ya treni, na mpaka, na vibali, na jinsi watakavyosema yule mama wa mitumba amerukwa na akili. Birika lilikuwa zito mkononi.

Nikasema hakuacha neno.